Dawa Isiyoponya

Mwezi uliopita mdogo wangu wa mwisho alikuja kunitembelea akiwa na mimba changa. Asubuhi, kabla sijatoka kitandani, alichemsha maganda ya machungwa yaliyokauka pamoja na tangawizi, kwa sababu mtu fulani kazini kwake alimwambia yanatuliza kichefuchefu. Harufu ilipita chini ya mlango ikanikuta. Nilibaki nimelala, macho wazi, mwili umelegea kama mtu aliyerudi kutoka kulima shamba la mwingine. Aliponiletea chai aliniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia nimechoka tu. Ni jibu ninalolitoa kwa mambo mengi, na mara nyingi ni la kweli.

Yeye hawezi kuikumbuka harufu ile. Wakati ule alikuwa mgongoni mwangu, amefungwa kwa kanga, na mimi nimeinama kwenye moto.

Tuliishi karibu na Lusahunga, nyuma kidogo ya barabara ya Rusumo, mahali ambapo mtoto huzaliwa akisikia breki za malori na hulala vibaya siku yasipopita. Ninyi mliokua wakati wangu mtakumbuka barabara ilipokuwa inachimbuliwa upya, vumbi jekundu likifunika majani ya migomba mpaka ukadhani migomba yenyewe imeota kutu. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki mama, mimi niliyekuwa darasa la sita, Deo aliyekuwa la pili, na Vumi, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta.

Mama alikuwa na saratani ya tumbo. Sista muuguzi wa hospitali ya misheni kule Rulenge alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba imeshasambaa na hakuna cha kukata. Akampa dawa ya maji ya maumivu, chungu, ya kunywa kwa kipimo kidogo. Dawa ile ilifanya kazi yake. Maumivu yaliposhuka, kilichobaki kikimtesa ni kutapika. Alitapika uji, alitapika maji, alitapika hata kwa harufu ya kitunguu kilichokaangwa kwa jirani.

Hayo yote nimekuja kuyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba mama anatapika. Sikujua pia alichokuwa anakitaka. Hakuwa anatafuta miaka. Alitaka siku moja ya kuketi kwenye kiti mbele ya ndugu wa baba, akiwa na akili zake, aseme kwa kinywa chake kwamba watoto wake wasigawanywe. Maana mpango ulikuwa umeshaanza kunong'onwa. Deo angechukuliwa na baba mdogo wa Nyamahanga, akachunge ng'ombe. Mimi ningekwenda kwa shangazi kusaidia kazi za nyumbani. Vumi angepelekwa Rulenge kwa bibi mzaa mama, na shamba letu la migomba lingeangaliwa na ukoo. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya katika mpango huo. Ndivyo watu wanavyofanya watoto wanapobaki: wanagawana mzigo.

Tatizo ni kwamba katika ukoo wa baba, neno la kikao halisimami mpaka linywewe. Pombe ya ndizi, urwagwa kama tuitavyo, huwekwa kwenye kibuyu, mkubwa wa ukoo anavuta kwa mrija, kisha anavuta mwenye neno, kisha wengine wanafuata. Asiyekunywa hajakubali. Na anayekunywa kisha akaitapika mbele za watu, amelitapika neno lenyewe. Watu huinuka wakaenda zao, na jambo hilo haliletwi tena. Mama ambaye hakuweza kuzuia kijiko cha maji tumboni alitakiwa azuie pombe. Hilo ndilo lililompeleka kwa Mchina.

Kabla hajaanguka kitandani, mama alikuwa akiuza ndizi na mchicha kwenye geti la kambi ya wajenzi wa barabara. Ndani ya kambi kulikuwa na mganga wao, mtu mwembamba mwenye suruali iliyopanda juu ya vifundo, ambaye vibarua walimwita Daktari Cheni. Alitibu watu wake kwa mizizi na magome yaliyojaa kwenye makabati ya droo ndogondogo. Siku tuliyompeleka mama, tulimkalisha kwenye baiskeli ya jirani, mimi nikishika usukani na Deo akisukuma nyuma.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, marahaba," alijibu, mara mbili, kama mtu anayejivunia kwamba anajua zamu yake.

Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mama, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Deo akanong'ona, "Dada, amelala." Kisha akafumbua macho akasema, "Mama, toa ulimi." Deo alicheka hadi akashika mlango. Kwetu mtoto akimtolea mtu mzima ulimi anachapwa, na sasa mama mwenyewe alikuwa anautoa kwa mgeni, wote, kama ng'ombe anayelamba chumvi.

"Na wewe toa," Daktari Cheni alimwambia Deo. Aliutazama ulimi wake kwa makini. "Huyu anaiba sukari."

Deo alifunga kinywa na hakukifungua tena mpaka tulipofika nyumbani.

Daktari aliomba kuiona chupa ya hospitali. Aliinusa, akaitingisha, akamrudishia mama mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Hii usiache. Hii ya maumivu. Yangu ya kutapika, na ya choo. Zote mbili."

Mama alimuuliza, "Daktari, nitaweza kuketi na watu? Nikinywa kitu, kitakaa?"

Yeye alikuwa ameshaanza kuchota kwenye droo. Alisimama, akageuka, akamtazama usoni. "Dawa hii haiponyi. Mama, umesikia? Haiponyi. Tumbo litatulia kidogo. Kula kidogo, lala kidogo. Basi."

"Nimesikia," mama alisema. "Kidogo kinanitosha."

Mimi nilisikia pia, na moyo ulinirukaruka kwa furaha. Niwaeleze kwa nini, maana mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani nilikuwa mjinga. Sisi tulilelewa hivi: kitu kizuri hakisifiwi mbele yake. Mtu mwenye mbuzi aliyenona atakwambia, "Haka kambuzi kagonjwa tu." Mzazi akionyeshwa mtoto wake mzuri, atasema ni kibaya, masikio kama ya popo, ili kijicho kisimuone. Bibi yangu alikuwa akisema mganga anayekuambia "utapona" ameshaifukuza dawa yake mwenyewe. Wale wa kweli hujidharau. Husema, "Jaribuni hivi vijani, havina kitu," na wewe unajua umeshikilia uzima. Sasa huyu mgeni kutoka mbali alikuwa ametamka waziwazi, tena mara mbili, kwamba dawa yake haiponyi! Sikuwahi kumsikia mganga akiificha nguvu ya dawa kiasi kile. Njiani nilimwambia Deo asiseme kwa mtu yeyote kwamba mama atapona, tusije tukaiharibu. Deo alikubali kwa kichwa, kinywa bado kimefungwa.

Dawa ilikuwa imefungwa kwenye karatasi za kaki, kila karatasi ya siku yake. Ukifungua unakuta vipande vya gome, mizizi iliyokatwa mshazari, tangawizi kavu, maganda ya machungwa yaliyozeeka mpaka yakawa ya kahawia, na kitu kama uyoga. Tulielekezwa tusichemshe kwenye sufuria, bali kwenye chungu cha udongo. Chungu tulikiazima kwa Mama Zuhura, jirani yetu, ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu bila maneno.

"Chungu hiki kimepikia harusi," alisema akikishusha. "Kikirudi kinanuka Kichina mtanifinyangia kingine." Akachungulia kwenye karatasi. "Hee! Mwanangu, hizi si kuni? Mnamnywesha mama yenu kuni?"

"Ni dawa, Mama Zuhura. Lakini haina kitu," nilijibu kwa adabu zote, nikiilinda.

Alinitazama, akanipa na mfuniko.

Nilichemsha kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Maji hupungua mpaka nusu, unachuja, unaongeza maji, unachemsha tena, unachanganya yote mawili. Moshi uliuma macho na harufu ilikaa kwenye sweta langu la shule. Wenzangu waliniita Mama Mizizi. Mabaki, Daktari Cheni alituambia, kwao humwagwa barabarani, miguu ya wapita njia iyachukue. Deo ndiye aliyeifanya kazi hiyo kuwa kubwa. Alisema miguu ya watu wa hapa itautembeza ugonjwa hapahapa tu. Malori ndiyo yanayokwenda mbali. Basi alisubiri kando ya barabara na bakuli, akachagua lori lenye namba za nje, akayamwaga mbele ya magurudumu yake na kukimbia, dereva akimtukana kwa lugha tusiyoijua.

Ikafika siku akaingia jikoni uso umemshuka. "Dada, lile la bluu limerudi."

"Lipi?"

"Lile lililochukua ugonjwa. Limerudi kutoka Rusumo, limesimama pale kwa wauza mishikaki."

Hatukuwa tumefikiria kwamba malori hurudi. Nilimwambia limeshaushusha ng'ambo, limerudi tupu, na turubai si lilikuwa limelegea? Alikwenda kuhakikisha. Turubai lilikuwa limelegea. Aliporudi alikula vizuri.

Na kweli, mama alianza kutulia. Kwanza uji ulikaa. Kisha ndizi ya kuchemsha, iliyopondwa. Akaanza kulala mchana bila kushtuka. Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta amesimama mlangoni na fimbo, amejifunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Weka daftari, twende shambani." Nilitaka kupiga vigelegele, lakini nikakumbuka kijicho. Nikasema, "Mama, unaonekana umechoka sana leo," na yeye akacheka kwa sababu alizozijua mwenyewe.

Tangu siku hiyo tulikwenda kila jioni, polepole, akipumzika kwenye kila shina. Alinionyesha mgomba upi unakatwa na upi unaachwa. Alinionyesha namna ya kung'oa machipukizi, uache mama, mtoto na mjukuu, basi, wengine waondoke. Alinipeleka mpakani, akagusa kila sale, mmea wa alama, lililopandwa na baba, na kunifanya niliguse na mimi. Alinitajia nani hutukopesha mbegu bila kusimanga na nani husimanga. Mimi nilidhani anarudi kazini. Nilidhani anazungukia shamba lake kama mtu aliyesafiri, akiona kilichoharibika. Nilichoka, nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda kucheza, na mara nyingine nilijibu "ndiyo, mama" bila kutazama. Hakunigombeza. Alirudia tu, tangu mwanzo, kwa sauti ileile, mpaka nikatazama.

Siku ya kikao ilikuwa Jumapili baada ya misa. Alfajiri alikunywa dawa ya hospitali, akanywa na ya Mchina, akaniomba nimvalishe gauni lake la kanisani, ambalo sasa lilimzunguka. Alikataa mkeka. Alitaka kiti chenye egemeo, uani, palipo na mwanga. Babu Laurenti, mkubwa wa ukoo, alikaa katikati. Baba mdogo alitoka Nyamahanga kwa baiskeli, ametota jasho. Shangazi alikuja na mkate.

"Shemeji, umenawiri!" baba mdogo alisema, na nilimchukia kwa kumsifu.

"Nimenawiri kama jiti la uzio," mama alijibu. "Kaa, shemeji, upunge upepo."

Alisema neno lake kwa kifupi. Watoto wangu wakae kwenye nyumba ya baba yao, na wasigawanywe. Shamba linawatosha kwa chakula. Wakubwa mje muwaangalie, lakini msiwachukue.

Baba mdogo alikohoa. "Shemeji, sikukatalii. Lakini msichana wa darasa la sita atalima? Migomba itageuka pori."

"Muulize mgomba upi unakatwa wiki hii."

Wote waligeuka kunitazama. Vumi alikuwa mgongoni akinivuta nywele. Nilisema ule wa karibu na choo, kwa sababu ndizi zake zimejaa, hazina kona tena, na ule uliolalia uzio usikatwe bali utiwe mwega wa kuuegemeza, bado mchanga. Nikasema na kwamba upande wa chini machipukizi yamezidi.

"Na mpaka?" Babu Laurenti aliuliza, mkono nyuma ya sikio.

Nilimtajia masale yote kwa mpangilio. Babu alicheka kwa ufizi. "Huyu ameumeza mpaka wote. Wewe wa Nyamahanga, wako unaujua?" Watu wakacheka, na baba mdogo akacheka nao, akijifuta shingo.

Kibuyu kikaletwa. Babu alivuta, akampa mama. Shangazi alinyanyuka kidogo, akasema, "Wifi aguse tu kwa midomo, ni mgonjwa." Mama akatikisa kichwa. Aliushika mrija, akavuta, na sote tukaliona koo lake likicheza pombe ikishuka. Akavuta tena, ili asiwepo wa kusema hakuvuta. Kisha akampa baba mdogo kibuyu, akaweka mikono mapajani, akanyooka.

Pombe ilikaa.

Aliongea nao habari za mvua. Aliuliza hali ya ndama wa Nyamahanga. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, nami nikaona ni afya. Mtu anayekunywa urwagwa na wanaume na kuuliza habari za ndama amepona, nilijiambia. Nilitaka kukimbia mpaka kambini nikamwambie Daktari Cheni kwamba tumeshamjua, aache kujificha.

Waliaga mmoja mmoja. Mama aliwasindikiza kwa macho mpaka wa mwisho alipopita uzio.

"Wameondoka wote?"

"Wameondoka, mama."

"Tazama vizuri."

Nilitazama. Barabara ilikuwa tupu. "Wameondoka."

"Lete beseni."

Ilirudi yote, na uji wa asubuhi, na kitu cheusi ambacho sikuwahi kukiona. Nilimshika paji la uso kama alivyokuwa akinishika mimi nilipougua malaria. Alipomaliza, aliegemea kiti, na kitu kilichonitisha kuliko kile cheusi ni kwamba alikuwa anatabasamu.

"Kesho nitaongeza magome," nilisema. "Nitachemsha mara tatu."

"Kesho usichemshe. Kakirudishe chungu cha watu."

"Lakini mama, inafanya kazi! Alisema haiponyi ili isiharibike."

Alinitazama muda mrefu, na ndipo nadhani alipoelewa yote niliyokuwa nimeyabeba kichwani kila alfajiri. Hakunicheka. Alinivuta, Vumi akiwa bado mgongoni, akasema, "Mwanangu, yule alisema ukweli. Sikwenda kwake kutafuta kupona. Nilikwenda kutafuta leo."

Nililia, bila sauti, ili Deo asisikie. Kisha nikaosha beseni.

Hakuishi sana baada ya hapo. Mama Zuhura alimleta mtu wa pikipiki, huyo akaenda Rulenge, akarudi na dawa nyingine ya maumivu kutoka kwa Sista, na mama aliondoka duniani mchana, taratibu, bila kupiga kelele. Kwa hilo nawashukuru wote wawili, Sista na Mchina. Walimwambia ukweli, kila mmoja akampa alichokuwa nacho.

Matanga yalipoisha, baba mdogo alikuja tena kutoka Nyamahanga. Alikuwa amefunga gunia kwenye keria ya baiskeli, limekunjwa vizuri, kwa ajili ya mtoto kukalia. Nilisimama mlangoni na Deo nyuma yangu, amenishika sketi. Baba mdogo alimtazama Deo, akanitazama mimi, akatazama pale uani palipokuwa na kiti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Alilishika lile gunia, akalifungua fundo, akalifunga tena. "Nilikunywa naye," alisema hatimaye, kama mtu anayemjibu mwingine. Kisha akaongeza, "Upande wa chini machipukizi bado yamezidi." Akavua shati, akachukua jembe letu, akalima upande wa chini mpaka jua lilipoinama, akapanda baiskeli yake akaenda na gunia lake tupu.

Jioni hiyo tulikula, tukaosha vyombo. Nilimlaza Vumi, nikatafuta sare ya Deo, nikaitia kiraka gotini. Sare yangu niliikunja nikaiweka chini ya godoro, kwa kuwa mtoto anayesimama kwa kushika ukuta hawezi kubaki peke yake. Hakuna aliyeniamuru. Lilikuwa jambo la wazi tu, kama mgomba unaotaka mwega.

Deo alikuwa akinitazama kutoka kitandani.

"Dada, kesho nani ataniamsha niende shule?"

"Mimi."

Akafikiri. "Na wewe, nani atakuamsha?"

Nikamwambia alale, mimi huamka mwenyewe.